Resista ya mwisho inayowashwa na programu: je, programu ikiwa imelala, nani anaiwasha?

Swali: "Ninasanifu kisanduku cha udhibiti kwa ajili ya bajaji za umeme na magari madogo ya mizigo. Kwenye modeli moja kisanduku kinakaa mwishoni mwa nyaya za CAN, yaani zile nyaya mbili ambazo moduli za gari huwasiliana kupitia kwake, kwenye nyingine kinakaa katikati. Mkubwa wangu hataki bodi za aina mbili, kwa hiyo nimeweka resista ya omu 120 inayowashwa na kuzimwa na programu kupitia mosfeti moja ya N (transista inayofanya kazi ya swichi), ambayo geti yake imeunganishwa moja kwa moja na pini ya maikrokontrola ya volti 5. Mezani inafanya kazi vizuri kwa kilobiti 500 kwa sekunde. Kwenye gari, mota ikivuta mkondo mkubwa, mawasiliano yanakatika. Mwenzangu mmoja anasema nitumie rilei, mwingine anasema rilei ya mwanga, na wa tatu anasema niiache resista iwepo muda wote kwa sababu resista ya ziada haidhuru. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kutaja kwamba mawasiliano hukatika pale mota inapovuta mkondo. Wengi wanaoniandikia husema tu kwamba mtandao unasumbua, na hapo siwezi kuwasaidia kwa mbali. Wewe umeniambia ni wakati gani unasumbua, na wakati huo unaonyesha kosa lilipo. Umeuliza swichi ipi ni bora, lakini nadhani kabla ya swichi kuna swali ambalo bodi yako bado haijalijibu: resista hiyo inapaswa kuwa katika hali gani wakati kisanduku hakina umeme, au kina umeme lakini programu bado haijaamka? Nitalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua karibu kila kitu kingine. Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya resista yenyewe.

Mtandao wa CAN ulianza kubuniwa na Bosch mwaka 1983 na kuonyeshwa kwa wahandisi huko Detroit mwaka 1986, na kanuni za nyaya zake kwa mwendo wa juu zimo katika kiwango cha ISO 11898-2. Kiwango hicho kinataka jozi ya nyaya zilizosokotwa zenye impidansi (ukinzani ambao ishara inayosafiri hukutana nao) ya omu 120, na resista ya omu 120 kwenye kila ncha. Sababu inayotajwa kila mahali ni mwangwi. Ishara inayosafiri kwenye waya huchukua takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, na ikifika kwenye ncha iliyo wazi haina pa kwenda, hivyo hurudi ilikotoka na kugongana na ishara zinazofuata. Resista inayolingana na waya huimeza ishara hiyo, na waya ukabaki kimya.

Kuna kazi ya pili ambayo husemwa mara chache, nayo ndiyo inayouma zaidi kwenye chombo kifupi kama bajaji. Transiva ya CAN, yaani chipu inayotuma na kupokea ishara kwenye nyaya, inapotuma hali tawala, husukuma waya wa CAN-H hadi karibu volti 3.5 na kuvuta waya wa CAN-L hadi karibu volti 1.5. Inapotuma hali tulivu haifanyi chochote, inaachia tu. Transiva ya kawaida haizirudishi nyaya mbili pamoja kwenye volti 2.5, kazi hiyo ni ya resista. Fikiria mlango wenye springi: mtu anaufungua kwa mkono, lakini kuufunga ni kazi ya springi. Ukiitoa springi, mlango utafunguka vizuri kila mara, na kila mara utachelewa kujifunga.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme una moduli nne, na kila moja inaongeza kapasitansi (uwezo wa kushikilia chaji) ya pikofaradi 100 kati ya nyaya mbili, jumla 400. Ukiwa na resista zote mbili, yaani omu 60 kwa pamoja, muda wa kushuka hupimwa kwa nanosekunde 24. Ukibaki na resista moja, ni nanosekunde 48, na kwa kilobiti 500 ambapo biti moja ina maikrosekunde 2 hutaona tofauti kubwa. Lakini ukizikosa zote mbili, kinachobaki ni ukinzani wa ndani wa transiva zenyewe. Tuseme kila moja ina kilo-omu 30. Zikiwa nne sambamba ni kilo-omu 7.5, na muda wako sasa ni maikrosekunde 3. Biti imekwisha kabla nyaya hazijarudi. Hapo urefu wa waya hauna msaada wowote: hata waya wa nusu mita hautafanya kazi. Kwa hiyo ile kauli kwamba resista za mwisho ni za nyaya ndefu tu ina ukweli nusu. Kwenye waya mfupi unaweza kumudu kukosa moja. Kukosa mbili huwezi.

Sasa nimjibu rafiki yako anayesema resista ya ziada haidhuru. Resista tatu za omu 120 zikiwa sambamba ni omu 40. Kiwango kinaipima transiva ikiwa na mzigo wa kati ya omu 50 na 65, na ndani ya mzigo huo inapaswa kutoa angalau volti 1.5 kati ya nyaya mbili. Chini ya hapo mtengenezaji hakukuahidi volti hizo. Mpokeaji anahitaji volti 0.9 ili awe na hakika kwamba ameona hali tawala, kwa hiyo mezani, kwa nyuzi joto 25 na waya wa mita moja, bado utabaki na akiba. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa na joto, na ukinzani wa waya na wa pini zilizoshika kutu, na kelele za kidhibiti cha mota. Isitoshe, resista iliyowekwa katikati ya waya haimezi mwangwi wowote. Yenyewe ndiyo inakuwa mahali pa kuzaa mwangwi, kwa sababu ishara inayopita hapo hukuta impidansi imebadilika ghafla.

Hili linanikumbusha kosa jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Mita ikisoma omu 60 kati ya pini 6 na pini 14 za soketi ya uchunguzi, watu husema mtandao uko sawa. Mita haijui resista ziko wapi. Resista mbili zikiwa kwenye moduli mbili za kati huku ncha zote mbili ziko wazi, mita bado itasoma 60. Kipimo hicho kinakuambia idadi tu.

Turudi kwenye mosfeti yako. Ina miguu mitatu: geti inayotoa amri, na chanzo na dreni ambako mkondo hupita. Nadhani umeunganisha mguu wa chanzo upande wa CAN-L, na mguu wa dreni kupitia resista upande wa CAN-H. Mosfeti haipimi volteji ya geti kuanzia ethi ya bodi yako, yaani sifuri yake ya volti. Inaipima kuanzia mguu wake wa chanzo, na mguu huo umeufunga kwenye waya usiotulia mahali pamoja. Nyaya zikiwa katika hali tulivu, chanzo kiko volti 2.5, kwa hiyo geti yenye volti 5 kwa kweli ina volti 2.5 tu. Mosfeti nyingi zinazouzwa kwa ajili ya pini za maikrokontrola zina kizingiti mahali fulani kati ya volti 1 na 2.5, na kizingiti ndipo zinapoanza tu kufunguka, wala hazijafunguka kikamilifu. Yaani hata mezani swichi yako ilikuwa inachungulia tu mlangoni.

Sasa mota inavuta ampea 100. Tuseme waya hasi wa kidhibiti cha mota, pamoja na bolti inayoufunga kwenye fremu ya gari, una miliomu 20. Hapo ethi ya kidhibiti cha mota imepanda volti 2 juu ya ethi ya kisanduku chako. Kila fremu ya data, yaani kila ujumbe, inayotoka kwake inakufikia ikiwa imebebwa volti 2 juu: CAN-L ya hali tawala si 1.5 tena, ni 3.5, na geti yako imebaki na volti 1.5. Kidhibiti kikiachia, nyaya ziko karibu na volti 4.5, na geti yako imebaki na nusu volti. Mosfeti imefunga. Resista imetoka kazini wakati uleule springi ilipotakiwa kuufunga mlango.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyume. Ethi ya kisanduku chako ikiwa juu kuliko ya wengine, nyaya zinaweza kushuka chini ya sifuri yako, na mosfeti uliyoizima kwa kuweka geti kwenye sifuri ikawaka yenyewe bila kuambiwa. Toleo la zamani la kiwango liliitaka transiva ivumilie nyaya zikiwa popote kati ya volti −2 na +7 kutoka kwenye ethi yake, na toleo jipya limepanua hadi kati ya −12 na +12. Kumbuka pia kwamba ndani ya kila mosfeti kuna dayodi ambayo hukuiomba. CAN-L ikigusana na chanya ya betri, dayodi hiyo itapitisha mkondo hadi CAN-H iwe programu imewasha au imezima. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu chochote kilichofungwa kwenye nyaya za CAN lazima kivumilie kila kitu ambacho transiva iliyo pembeni yake inavumilia. Mosfeti moja yenye geti kwenye pini ya maikrokontrola haitimizi kanuni hiyo.

Hata hivyo, jambo moja linanitatiza. Nimesema kukosa resista moja kwenye waya mfupi hakutoshi kuukata mtandao wa kilobiti 500. Ikiwa resista yako ikiondoka mawasiliano yanakatika, basi nina shaka kwamba yako ndiyo resista pekee iliyopo, na ile ya ncha ya pili haipo kabisa. Zima gari, chomoa betri, chomoa kisanduku chako, kisha pima kati ya CAN-H na CAN-L kwenye wayaringi. Ukisoma karibu na omu 120, shaka yangu haina msingi na inabidi tutafute kelele. Ukisoma kilo-omu kadhaa, umepata tatizo la pili ambalo swichi yoyote nzuri ingelificha kwa muda tu.

Sasa lile swali nililoahidi kulirudia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye karakana moja ambako moduli ilikuwa inakufa kila wanapojaribu kuisasisha kupitia nyaya za CAN. Haikufa kila mara, bali mara moja kati ya tatu au nne. Tulikaa nayo siku mbili. Siku ya pili jioni niliweka osiloskopu kwenye nyaya, nikaanzisha usasishaji, na nikaona umbo la ishara likibadilika mbele ya macho yangu: pembe zilizokuwa zimesimama wima zikalala kama mchanga unaoporomoka, sekunde ileile moduli ilipojizima na kuingia kwenye programu yake ndogo ya kuwashia. Programu kuu ilikuwa inaiwasha resista. Programu ndogo ya kuwashia, iliyoandikwa na mtu mwingine mapema zaidi, haikujua kwamba kuna resista. Pini ilibaki ikielea, resista ikaondoka, na usasishaji ukawa unapita kwenye mtandao wenye ncha moja wazi. Marekebisho yalikuwa mistari miwili ya programu na resista moja ya kuvutia pini juu. Lakini nilijiuliza, na bado najiuliza, kwa nini kitu ambacho ni mali ya waya kilikabidhiwa kwa kompyuta inayolala na kuamka.

Kisanduku kikiunguza fyuzi yake, moduli nyingine bado zinahitaji ncha iliyofungwa. Gari likiwa limezimwa na fundi akipima kwa mita, atakuta omu 120 badala ya 60, na kwa haki kabisa ataanza kutafuta waya uliokatika ambao haupo. Nimeshawahi kuona wayaringi nzima ikifumuliwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kifaa chochote, andika kwenye karatasi: bila umeme, resista ipo au haipo? Kwa kisanduku kinachokaa mwishoni, jibu linapaswa kuwa ipo.

Kwa hali yako, ushauri wangu ni kwamba usitumie programu kabisa. Modeli zako mbili zina wayaringi mbili tofauti tayari, kwa sababu kwenye moja kisanduku kiko mwishoni na kwenye nyingine kiko katikati. Basi iache wayaringi iamue. Weka resista kwenye bodi, upande mmoja ukiwa umefungwa kwenye CAN-H, na upande wa pili uutoe kwenye pini ya ziada ya konekta. Kando yake weka pini nyingine iliyounganishwa na CAN-L. Wayaringi ya modeli ambayo kisanduku kiko mwishoni itakuwa na kipande cha waya cha sentimita chache kinachounganisha pini hizo mbili. Ile nyingine haitakuwa nacho. Bodi inabaki moja, kama mkubwa wako anavyotaka. Fundi akipima gari likiwa limezimwa anasoma 60. Fyuzi ikiungua, resista bado ipo. Gharama ni pini mbili na waya wa shilingi chache, na hakuna mosfeti inayohitaji kubembelezwa. Ukitaka programu ijue ilivyo, tumia pini ya tatu ya konekta, ambayo wayaringi ya modeli moja itaifunga kwenye ethi na ya modeli ya pili itaiacha wazi, na programu iisome na kuiripoti kwenye uchunguzi. Isome tu, isiamue.

Najua pengine utaniambia wayaringi imeshaagizwa na haiwezi kubadilishwa, au kwamba kisanduku kitauzwa pia kwa watu ambao hujui watakifunga wapi. Hiyo ni sababu halali. Zipo pia kazi ambazo swichi ya programu ndiyo jibu sahihi tangu mwanzo. Vifaa vya kupimia vya mezani ni mfano mmoja, kwa sababu leo vimefungwa kwenye gari zima na kesho kwenye moduli moja iliyo peke yake. Betri zinazobadilishwa na kupangwa kwa safu ni mfano wa pili, kwa kuwa betri ya mwisho leo itakuwa ya katikati kesho. Matrekta yametangulia katika jambo hili: mtandao wa ISO 11783 una konekta ya nyuma ya trekta ambayo hujifungia ncha yake yenyewe wakati hakuna jembe lililochomekwa, na huachia jembe linapochomekwa ili ncha mpya iwe kwenye jembe. Zingatia kwamba hata huko uamuzi unatokana na kuchomeka na kuchomoa, wala hautokani na programu inayobahatisha.

Ikiwa lazima utumie swichi, rilei ndogo ya ishara ndiyo ninayoiamini zaidi, hasa ile yenye kumbukumbu, ambayo hupewa mshtuko mfupi wa umeme ikabaki ilipo bila kula mkondo. Ikiwa imefunga ina ukinzani mdogo sana, ikiwa wazi ina kapasitansi ndogo sana, haijali ethi imehama wapi, na umeme ukikatika inabaki na uamuzi wa mwisho iliopewa. Ubaya wake ni ukubwa, bei, na mtikisiko. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba pigo kali linaweza kuibadilisha hali, na barabara za changarawe hazikosi mapigo, kwa hiyo programu inapaswa kurudia amri ileile kila kisanduku kinapowaka. Ukichagua rilei ya kawaida isiyo na kumbukumbu, tumia pini zake ambazo zimefunga wakati koili haina umeme, ili kisanduku kilichokufa kiwe kinafunga ncha. Hapo koili italazimika kula umeme muda wote kwenye modeli ambayo kisanduku kiko katikati, na kwa chombo cha betri hilo nalo lina bei yake.

Rilei ya mwanga, ile ambayo taa ndogo ya ndani huwasha mosfeti mbili zilizogeuziana migongo, ni nzuri kwa mtikisiko na haijali ethi. Tatizo lake ni mizani isiyokwepeka: zenye ukinzani mdogo zikiwaka huwa na kapasitansi kubwa zikizimwa, na zenye kapasitansi ndogo huwa na ukinzani mkubwa. Ukinunua yenye ukinzani wa nusu omu ukadhani umepata bora, unaweza kuwa umeongeza mamia ya pikofaradi kwenye nyaya, yaani kama moduli kadhaa za ziada, na hizo zitakuwepo hasa pale ulipoizima. Kiwango kinaruhusu resista ya mwisho iwe kati ya omu 100 na 130, kwa hiyo nafasi unayo. Chukua yenye omu chache na kapasitansi ndogo, kisha punguza resista yako ili jumla ikaribie 120. Pia taa yake inahitaji miliampea kadhaa muda wote ikiwa imewashwa, na aina iliyozoeleka huwa wazi ikikosa umeme, kinyume cha ulichoandika kwenye karatasi.

Njia ya mosfeti mbili ulizozijenga mwenyewe, migongo ikiwa imegeuziana na vyanzo vyake vikiwa vimeunganishwa, ni ileile ya rilei ya mwanga lakini unachagua vipande. Geti lazima iendeshwe na kitu kinachoelea pamoja na vyanzo, kwa mfano kiendeshi cha mwanga chenye safu ya dayodi zinazozalisha volti chache zinapomulikwa. Kinawasha polepole, lakini resista ya mwisho haihitaji haraka. Chagua mosfeti ndogo. Ile ya miliomu 5 inayopendeza kwenye karatasi ya takwimu ni ya mota, na kapasitansi yake ni ya mota vilevile.

Kuna mtego mmoja hapa ambao nimeukuta kwenye bodi za watu wanaojua kazi. Wengi huigawa resista ya omu 120 kuwa mbili za 60 na kuweka kapasita ya nanofaradi 4.7 kutoka katikati hadi ethi, kwa ajili ya kunyamazisha kelele zinazozijia nyaya zote mbili kwa pamoja. Ni mpangilio mzuri, na kwenye gari lenye kidhibiti cha mota ningeutaka. Halafu mtu anaweka swichi moja kati ya resista mbili. Swichi ikiwa imefunga, mambo ni shwari. Ikiwa wazi, kapasita inabaki upande mmoja: CAN-L imefungwa kwenye ethi kupitia omu 60 na nanofaradi 4.7, wakati CAN-H haijafungwa popote. Nyaya mbili zilizopaswa kuwa pacha sasa zina uzito tofauti, na kelele iliyokuwa inazijia sawasawa inageuka kuwa tofauti kati yao, jambo ambalo mpokeaji hulisoma kama data. Ukitumia kapasita hiyo unahitaji swichi mbili, moja kwa kila mguu, na ni vizuri resista iwe upande wa waya na swichi ndani yake.

Ukubwa wa resista usiuchukulie kirahisi. Katika kazi ya kawaida volti 2 kwenye omu 120 ni miliwati 33, na resista ndogo kabisa ingetosha. Lakini mtu akichokonoa wayaringi na CAN-H ikagusa volti 12 huku CAN-L ikigusa ethi, ni wati 1.2, na kwenye mfumo wa volti 24 ni wati 4.8. Huhitaji kuweka resista ya wati 5, ila uamue mapema ni kipi kitakufa kwanza, na kisiwe swichi, kwa sababu swichi iliyokufa ikiwa imefunga haionekani kwa macho.

Kuhusu programu, hali ya resista iandikwe kiwandani au siku ya kufunga, ikae kwenye kumbukumbu isiyofutika, na isibadilishwe wakati nyaya zina mazungumzo. Programu ndogo ya kuwashia isome kumbukumbu hiyohiyo. Pini iwe na resista ya kuivuta kwenye upande uliouchagua, ili wakati wa kuwaka isielee. Usiruhusu programu ijaribu kubahatisha kwa kuangalia hesabu za makosa ya CAN. Hesabu hizo hupanda kwa nane kila kosa la kutuma na kushuka kwa moja kila fremu iliyofika, na hupanda kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na ncha. Ukitaka kisanduku kijipimie chenyewe, kipime kama mita inavyopima: nyaya zikiwa kimya kabisa, pitisha miliampea 1 na usome. Milivolti 60 ni resista mbili, 120 ni moja, na zaidi ya hapo uliza mtu kabla ya kuwasha chochote.

Kwa kilobiti 500 una nafasi ya kusamehewa makosa madogo. Ukihamia CAN FD, toleo la CAN lenye mwendo mkubwa zaidi, kwa megabiti 5, biti ina nanosekunde 200 tu, na kila pikofaradi na kila mwangwi niliotaja hapa itakudai, kwa hiyo usiichukue bodi hii ukadhani itafaa bila kupimwa upya.

Mambo matatu siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ikiwa nyaya hizi hubeba amri za breki, usukani au mwendo wa mota, usibadilishe ncha zake bila kukaa na anayemiliki muundo wa wayaringi nzima, mkiwa na mchoro mezani. Ikiwa umepima 120 na 60 vizuri na mtandao bado unakatika mota ikivuta, tafuta mtu mwenye osiloskopu ya njia mbili aje kwenye chombo chenyewe, apime CAN-H na CAN-L kutoka ethi ya kisanduku chako huku mtu mwingine akipandisha mlima akiwa na mzigo. Mezani hamtaona kitu. Na kabla ya kuuza, ipeleke bodi kwenye maabara inayopima utoaji wa kelele kwa CISPR 25 na uvumilivu kwa ISO 11452-4, resista ikiwa imewashwa na tena ikiwa imezimwa, kwa sababu hizo kwa kweli ni bodi mbili tofauti.

Kwa leo anza na mita. Chomoa betri, chomoa kisanduku, pima, kisha uniandikie ulichosoma.